Mzinga wa Baba kwenye Mti wa Mwaka Juzi

Kitalu cha Miche,
Chapwa, Tunduma.
Jumatano, siku ya pili ya mvua.

Kwako Kaka Asajile,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mashine inakoboa mpunga bila kukusumbua, na joto la Kamsamba halijakuyeyusha ukabaki shati tupu. Wifi Elizabeti naye anaendeleaje, mgongo umeachia? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyomtumia ni ya kupaka, asiiweke kabatini kama pambo. Watoto wote nawasalimu, na yule wa mwisho mwambie shangazi hajasahau mche wake wa mpera, ninangoja ushike mizizi vizuri. Sisi huku hatujambo. Yonasi bado anaziba matairi ya malori pale barabarani na anakusalimu sana; anauliza lini utaleta mchele mwingine, maana ule wa mwisho ulimfanya aununie ugali wangu wiki nzima. Mama pia hajambo kwa mwili. Nilikuwa kwake Ileje juma lililopita, na safari hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Kwenye lile kundi la familia la simuni siwezi kuandika, kwa sababu mdogo wetu Mercy yumo. Kukupigia nako nimeogopa, kwa sababu unanijua, mimi kwenye simu hugomba kabla sijamaliza kusalimia, na mtandao wa huko kwenu ungekatika nikiwa katikati ya neno baya, ukabaki na hilo tu. Karatasi inanilazimisha niende taratibu. Nimempa Jastin, yule dereva wa Fuso anayekuja kubeba mpunga kwenu, na nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Kaka, nimesikia umekubali kusaini. Mama ameniambia kwamba Jumamosi ya wiki ijayo Mercy atakukutanisha na watu wa kampuni ya malori hotelini hapa Tunduma, na wewe kama mkubwa wetu tangu baba alipotutoka utaweka sahihi, kilima chetu kiwe chini yao miaka thelathini. Nimeambiwa hatuhamishwi, Mama ataendelea kulima kahawa yake, na kinachochukuliwa ni kazi ya miti ya kusafisha hewa, basi. Lakini nimeambiwa pia kwamba baada ya hapo hakuna mtu wa kukata hata tawi la kuni bila ruhusa yao. Mama mwenyewe, kwenye kilima alichoolewa akakikuta, aombe ruhusa ya kuni. Nakuomba usiweke sahihi kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho. Hadi mwisho kabisa, kaka, maana huko mwisho kuna jambo linalonihusu mimi, na kama ningekuwa na moyo mgumu ningelitanguliza.

Kwanza nikuambie lisilo siri: Mercy namwonea wivu. Nalisema mapema ili usipate taabu ya kuligundua. Namwonea wivu tangu alipozaliwa kitindamimba, akapewa kulala na Mama mimi nikahamishiwa kwa bibi. Nimeotesha miche hapa Chapwa tangu mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni. Mikono yangu inanuka samadi hata kanisani. Miparachichi unayoiona ikizaa njia nzima kutoka Mpemba, mingi nimeibebesha mimi, kikonyo juu ya shina, kwa kisu changu, na sijawahi kuitwa jina lolote zaidi ya mama miche. Mercy amefungua tovuti yake kwenye mtandao, masika hayajarudi, tayari ni Mama Mazingira. Redio wamemwita. Kanisani Ileje wamempa kiti cha mbele. Mama ametundika picha yake ukutani pembeni ya picha ya baba, amevaa kofia ya majani na tabasamu lile lake. Picha yangu ya harusi ipo pia, kaka, usidhani haipo. Ipo nyuma ya mlango, na mlango ukifunguliwa haionekani. Siku nilipoiona ile ya Mercy nilikuwa nakunywa chai, nikaiacha.

Tovuti yenyewe anaiita Pumzi ya Milima. Watu wa mbali na makampuni wanaingia, wananunua mti, wanatumiwa picha ya mti wao ukiwa na kibao cha jina, pamoja na cheti chenye jani. Hii kampuni ya malori ndiyo mnunuzi wake mkubwa. Ukipita kwenye foleni ya mpakani utayaona magari yao yamebandikwa stika ya jani la kijani imeandikwa kwamba safari hii imelipiwa miti. Stika inang'aa, na nyuma ya gari moshi mweusi unatoka mpaka wale wamama wa Nakonde wanaouza karanga wanajifunika vitenge puani. Yonasi alitoka chini ya mojawapo uso mweusi tii, akaniuliza, kwa moshi aliokula siku hiyo, yeye wangemhesabu kuwa mti wa ngapi.

Sitaki udhani nilimpinga Mercy tangu mwanzo. Alikuja hapa kitaluni na ulimi wake wa asali, akasema dada una miche na mimi nina simu, tushirikiane tuufunike huu mkoa. Nilifurahi. Nilimpa miche mizuri, miringaringa na miparachichi niliyoibebesha mwenyewe na kuifunga uzi mwekundu, kama ninavyofanya siku zote ili niitambue. Nilimwambia tusubiri mvua. Akasema mpiga picha anaondoka kesho. Basi ikapandwa kwenye mteremko, ardhi imekauka kama kigae, watoto wa shule wakapiga makofi, mpiga picha akapiga picha. Wiki chache baadaye nilipita pale nikaikuta imesimama imekauka, uzi wangu mwekundu bado umefungwa kwenye vijiti. Nililia kaka, sikufichi. Mercy alipokuja kutaka mingine nikamwambia nenda kamwagilie ile ya kwanza. Akacheka, akasema mwenye wivu ajinyonge, halafu akaondoka. Tangu hapo tunasalimiana Mama akiwapo tu.

Miche ilikufa, lakini kwenye tovuti iliendelea kuwa ya kijani. Picha hainyauki.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma ile tovuti kila siku, wateja wakiwa wachache, nimekaa chini ya neti ya kivuli na simu yangu. Watu wengine wanaisoma wakitafuta mazuri. Mimi niliisoma nikitafuta doa, na anayetafuta doa hana haraka. Nikaona maneno matamu yamejaa, asilia, endelevu, rafiki wa mazingira, kijani hiki na kijani kile, nikajiuliza yale maswali ninayoulizwa na mteja wa kawaida anayetaka mche mmoja wa kupanda nyuma ya choo. Ni mti gani? Umepandwa wapi? Nani anaumwagilia? Mingapi imekufa? Kaka, ile tovuti nzima haina mti hata mmoja uliokufa. Mimi nimefanya kazi hii miaka yote hii na kila msimu nazika miche. Mtu anayekuambia amepanda na hakuna uliokufa, huyo hajapanda.

Kuna muhuri wa jani umeandikwa kwamba miti imethibitishwa. Nikaubonyeza nione nani kathibitisha. Ukanirudisha palepale nilipotoka, maana aliyethibitisha Pumzi ya Milima ni Pumzi ya Milima. Kuna ramani isiyofunguka. Kuna mtoto wa kike amebeba mche, picha ya kwanza wanasema yuko Ndalambo, ya pili wanasema yuko Ileje, ya tatu wanasema ni mkoa mwingine kabisa, na gauni ni lilelile, mche ni uleule, na uzi mwekundu ni wangu. Pembeni ya habari za misitu kuna matangazo. Oili ya injini inayopenda misitu. Mkaa ndani ya mfuko wa kijani, eti mkaa rafiki wa msitu. Mkaa, kaka! Nikatafuta mahali pa kuuliza swali, nikakuta kitufe ni kimoja tu, kimeandikwa Nunua.

Nikamweleza Yonasi yote. Alinisikiliza akifuta mikono, akasema huenda kila nilichosema ni kweli, lakini nilivyokuwa nakisema nilionekana kama mtu aliyesikia chungu cha jirani kimeungua. Nikampigia Mama. Mama akaniambia niombe, kwani wivu ulimponza Kaini. Nikaona sina wa kumwambia tena. Ningekuwa mtu mwingine wangenisikiliza, lakini mimi ni Ruti, na kila mtu kwetu anajua Ruti ana nini na Mercy.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kuna ukurasa wana picha mbili, Kabla na Baada. Kushoto ni mche kwenye kiriba cha plastiki, una uzi wangu mwekundu. Kulia ni mti mkubwa, shina mtu mmoja hawezi kulikumbatia, una kibao kimeandikwa Birgit, na chini wameandika kwamba ni mche uleule uliopandwa mwaka juzi. Nilisonya, nikataka kupita. Halafu nikaivuta picha kwa vidole viwili nione majani, na badala ya majani nikaona mzinga.

Mzinga wa baba, kaka. Ule aliouchonga mwenyewe, uliofungwa kwa waya baada ya kamba ya magome kuoza, una mdomo mmoja mweusi pale ulipouunguza ulipotaka kufukuza nyuki kwa moshi bila kumwambia mtu, wakakukimbiza hadi kwenye mahindi, na baba badala ya kukuchapa akacheka mpaka akakaa chini. Niliutazama nikasikia kicheko chake. Ule mti ni mringaringa wako. Ndio ule Mama alioupanda juu ya kitovu chako kilipodondoka, kama alivyotupandia wote watatu. Mti wa mwaka juzi umeubebaje mzinga wa mtu ambaye mimi na wewe tulimzika Mercy akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi?

Nikaendelea kufungua. Mparachichi wa Mercy mwenyewe nao umeuzwa, umepewa jina la mtu. Mikaratusi ya mpakani mwa shamba imeuzwa. Miti ya kivuli kwenye kahawa ya Mama yote imeuzwa, mingine mara mbili, upande huu ina jina hili na upande wa pili ina jina lile. Na kampuni inayotaka kusaini na wewe inahesabu miti hiyohiyo. Hawajawahi kupanda kilima chetu. Wanakijua kwa tovuti tu, kama wewe sasa unavyotaka kukisaini kwenye meza ya hoteli.

Sasa nikuambie nilichofanya baada ya kujua hayo, na usicheke. Nilitafuta wangu. Nilipekua zile picha moja baada ya nyingine kama mtoto anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Mzambarau wangu, ule wa pale chemchemi, uliopinda. Haumo. Nikarudia. Haumo. Kaka, nilikuwa nimeshika wizi kwa mikono miwili, na badala ya kuuchukia wizi nilichukia kwamba nimerukwa. Wako umefaa, wa Mercy umefaa, hata mikaratusi isiyo na kitovu cha mtu imefaa. Wangu umepinda, haufai hata kudanganyia.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Ileje.

Nilifika Mama akiwa kwenye kikundi cha akina mama cha kanisa, nikapanda kilimani peke yangu. Kwenye mringaringa wako wamepigilia msumari. Kwenye msumari vimening'inia vibao vingi, kimoja juu ya kingine, vya mbao nyembamba zilizokatwa vizuri. Ukitaka picha ya mteja mwingine unakitoa cha juu unakiweka nyuma. Hivyo ndivyo mti mmoja ulivyopata wenyewe wote wale. Utomvu umetoka pale kwenye msumari ukakauka. Nikateremka hadi chemchemini. Mzambarau wangu umesimama vilevile ulivyopinda, ardhi imechafuka zambarau zilizodondoka, hauna msumari wala kovu.

Mama aliporudi nikamkalisha nikamwonyesha ule mzinga kwenye simu. Akasema Mercy alimwambia kwamba wewe ulikubali kwa simu mti wako upigwe picha, na nadhani ulikubali kweli, kwani picha tu ina ubaya gani. Kuhusu vibao, Mercy alimwambia kwamba hayo ni majina ya watu wanaotutakia heri. Basi Mama yetu, kaka, kila asubuhi anapanda pale na kitambaa, anafuta vumbi kwenye vile vibao, na anawaombea hao watu kwa majina, anavyoweza kuyatamka. Birgit anamwita Bibigiti. Anamwombea afya na watoto watiifu. Nilipomwambia kwamba majina hayo yameuzwa, alikunjakunja kile kitambaa tu. Nikaona bado yuko upande wa Mercy. Nikamwonyesha na picha nyingine, ya mzambarau wangu ukiwa na kibao, nikamwambia tazama Mama, na wangu pia ameuuza, bila hata kuniuliza. Hapo ndipo Mama alipoanza kulia.

Kaka, hapa ndipo nilipokuomba ufike.

Kile kibao nilikiweka mimi.

Nilikitoa kwenye msumari wa mti wako, kile cha juu, cha Birgit. Naapa mwanzoni nilitaka tu kuona kingekaaje. Nilikuwa na uzi wangu mwekundu mfukoni, nikakifunga kwenye tawi, nikarudi nyuma hatua chache. Kilipendeza. Mti wangu uliopinda ulionekana kama mti ambao kuna mtu mahali fulani anaujua. Nikapiga picha. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kukifungua kabla Mama hajarudi, nami nikakiacha, nikajisemea moyoni kwamba nitaona. Na aliponikunjia kile kitambaa bila kuniamini, mdomo wangu ukajiendea wenyewe.

Lakini sikiliza alichosema Mama akilia. Alisema Mercy alimwahidi. Alisema siku ile ya vibao Mercy alisimama pale chemchemini na nyundo mkononi, mpiga picha anamhimiza kwamba mti ule una sura, umepinda vizuri, wazungu wanapenda ya namna ile, na Mercy akakataa. Alisema huu ni wa dada, dada sijamwomba, na nikiugusa bila kumwomba sitalala. Kilima chote kimeuzwa, kaka, umebaki mti mmoja, na mti huo aliuacha kwa heshima yangu mimi ambaye nilikuwa sijamsalimia miezi. Mama alikuwa anaushikilia mti huo mmoja. Alikuwa anajiambia kwamba mwanawe hajaharibika wote, kwa kuwa mzambarau wa Ruti hakuuuza. Mimi nikamwondolea hata huo kwa picha.

Nilisikia maneno hayo, nikaona aibu, na bado nikanyamaza, kwa sababu sehemu ya moyo wangu, kaka, niitaje, ilifurahi kumwona Mama kwa mara ya kwanza analia kwa ajili ya kosa la Mercy. Nikamchemshia chai. Asubuhi nikapanda gari nikarudi Tunduma. Kibao kiko palepale kwenye mzambarau ninapoandika. Mimi niliyemhesabia mdogo wangu uongo mmoja baada ya mwingine, nikachukua mti, nikachukua kibao, nikapiga picha, nikaongeza maneno. Sikuacha hata hatua moja ya kazi yake.

Nimefikiri sana kama nikuambie hili. Nisipokuambia, utakwenda kilimani, utaona kibao kwenye mti wangu, utakasirika, hutasaini, na mimi nitakuwa nimeshinda kila kitu kwa mpigo mmoja. Nikikuambia, unaweza kuichana barua hii ukasema ni wivu wa Ruti ule wa siku zote, ukasaini, na Mama akaanza kuomba ruhusa ya kuni. Ninaogopa hilo sana. Lakini nisiposema, Mercy atafukuzwa nyumbani kwa jambo moja tu ambalo hakulifanya. Aliyoyafanya yanamtosha.

Kwa hiyo usiniamini. Mimi nina wivu, na mwenye wivu huona kweli na uongo kwa jicho lilelile. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya hiyo hoteli na kuku wao, upite Ileje kwanza, upande kilima kwa miguu yako. Ukifika chemchemini, kibao utakachokikuta kimefungwa kwa uzi mwekundu, hakina msumari, hicho ni dhambi yangu, kifungue. Halafu nenda kwenye mringaringa wako, ingiza mkono kwenye mdomo wa mzinga ule uliouunguza. Ukitoka mkono una masizi, shuka nao hivyohivyo bila kunawa, uwapungie wale watu wa kampuni wakitaka kukuamkia, na umuulize Mercy mbele yao ule mti ulipandwa mwaka gani. Atakalolijibu, fanya unaloona linafaa. Wewe ndiye mkubwa wetu.

Mimi nitakwenda kwa Mama Ijumaa, kabla yenu. Nitamwambia kwa mdomo wangu, ila kibao nitakiacha ukikute mwenyewe. Nimemwomba Yonasi anisindikize hadi mlangoni nisigeuke njiani. Nitabeba na mche mmoja wa mringaringa kwa ajili ya huyo Birgit, mvua sasa inaruhusu, kwa kuwa pesa yake ilikwisha kuliwa na Mama amekwisha kumwombea, haifai abaki hana mti. Ukifa nitapanda mwingine, na nitamwandikia kwamba ule wa kwanza ulikufa.

Nisiimalize barua kama mtu aliyetakaswa. Juzi nimemwona Mercy sokoni na gauni jipya la kitenge, limemkaa, watu wanamsalimia kutoka pande zote, na nilijificha nyuma ya magunia ya viazi nisimpe shikamoo yake nafasi. Imeniuma kaka. Nadhani itaendelea kuniuma hata akiwa hana tovuti.

Msalimie sana wifi na watoto, na jirani zako wote wa mashineni wanaonikumbuka. Mwambie Jastin umeipata, ili nipumue. Mungu akuweke na akufikishe Ileje salama.

Ni mimi mdogo wako,
Ruti.

Nimesahau: leo asubuhi kabla sijafunga bahasha nimeifungua tena ile tovuti, nikapekua picha zote hadi mwisho. Mzambarau wangu bado haumo. Najua sasa kwa nini haumo, na bado umeniuma.